Mzimu Hauli Soli

Jirani zangu, mimi ni fundi viatu. Shule sikufika mbali, ila nina miaka arobaini ya kutazama soli za watu, na soli haijui kusema uongo. Bwana mmoja aliwahi kumwambia mkewe mbele yangu kwamba anatoka ofisini, ilhali soli zake zimejaa majani ya uwanja wa mpira. Sikusema neno. Fundi mwenye mdomo hupoteza wateja. Leo lakini nitasema, na atakayechukia na achukie, maana kunyamaza kwangu kulishiriki kumzika mtu.

Nyumba yenyewe tumepakana nayo ukuta. Ukuta ule ni mwembamba, ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakuombea afya. Walikaa humo watu watatu. Mume alikuwa mpiga chapa, mchapaji wa kadi za harusi na matangazo, na vidole vyake havikuisha wino hata siku ya mapumziko. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Hakushona magauni, alishonea kampuni moja ya barabara vile vizibao vya rangi ya machungwa vyenye utepe wa kung'aa, wanavyovaa vibarua ili magari yawaone. Na walikuwa na binti mmoja tu, wa miaka kumi na minane, yuko mwaka wa mwisho shuleni, miguu mirefu mwili hakuna. Tulimwita Kinda.

Baba yake tulimwita Saa. Daktari alimwambia sukari imepanda na dawa ya kwanza ni jasho. Mwingine angelalamika mwaka mzima. Yeye alinunua raba jozi mbili, na kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa barabarani. Tangu siku hiyo hakukosa. Alitoka mtaani kwetu, akaingia barabara kubwa ya lami, akakimbia mpaka kwenye nguzo ya zamani baada ya kona, akaizunguka, akarudi. Mimi nilikuwa naamshwa na hatua zake. Zikienda, nasikia mkewe akiweka birika jikoni. Zikirudi, nasikia vikombe. Mtu mzee anayeishi peke yake hufurahi kusikia vikombe vya wengine, nami nilikuwa nalala tena kidogo, roho imetulia.

Baada ya miezi michache Saa akaniletea raba zake. Nikazigeuza. Kiatu cha kulia kilikuwa sawa. Cha kushoto kilikuwa kimelika upande wa nje, kisigino kimekwenda mshazari.

Hapo nataka mnielewe vizuri. Barabara ya lami imeinuka katikati ili maji yateremke pembeni. Kwetu magari hushika kushoto. Mtu akikimbia pembeni kushoto, akielekea yanakoelekea magari, mguu wake wa kushoto ndio unaokanyaga kwenye mteremko, na huo ndio unaolika. Akikimbia upande wa pili, akitazamana na magari, utalika wa kulia. Kwa hiyo kabla Saa hajafungua mdomo nilishajua kwamba kila alfajiri huyu bwana anayapa magari mgongo, kwenda na kurudi.

Nilimuuliza, lakini kwa mzaha mzaha tu. Akanijibu kwamba shuleni walifundishwa "shika kushoto", na yeye ni mtu wa kufuata sheria. Ningemwambia kwamba kushika kushoto ni kwa mwenye magurudumu, na mwenye miguu miwili anatakiwa ayatazame usoni. Nilijua hayo. Sikutaka kubishana na mteja mzuri asubuhi asubuhi. Nikachukua kipande cha mpira wa tairi, nikachonga kabari nyembamba, nikaigundisha pale palipolika mpaka kisigino kikasimama wima. Saa akakijaribu, akaruka ruka, akaniambia nimekifanya kama kipya. Nami nikajiona fundi kwelikweli.

Kabari ile ilikuwa ngumu kuliko soli yenyewe, ikampa mwendo wenye mlio wake. Mguu wa kulia ulisema *ta*, wa kushoto ukajibu *tap*. Ta-tap, ta-tap. Mtaa mzima ulimjua kwa mlio huo, hata muuza chai wa kona alikuwa akisema, "Saa imepita, washa jiko." Kila baada ya miezi minne nilibadilisha kabari. Miaka miwili hiyo. Kosa lake nililitengenezea mto likalala vizuri.

Mkewe alijaribu kuliko mimi. Kwa mabaki ya vitambaa vya kazi alimshonea kizibao chake, utepe mbele, utepe nyuma. Saa alikivaa siku moja, akajitazama kwenye kioo, akacheka mpaka akashika ubavu. Alisema, "Nikipita hivi watu watanipa sepeto." Akakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akavaa koti lake jeusi kama kawaida. Mimi nilikuwepo, nimekwenda kuazima mkasi. Nilicheka kuliko yeye.

Juu ya hayo akanunua hedifoni, azisikilize habari za asubuhi huku anakimbia. Mgongo kwa magari, nguo nyeusi, masikio yameziba. Ukiyahesabu leo unashangaa ajali ilichukua miaka miwili kufika.

Asubuhi ya ajali yenyewe ilikuwa na ukungu na manyunyu. Nilizisikia hatua zikienda. Nikasikia birika likiwekwa. Nikasubiri vikombe. Birika liliimba, likaendelea kuimba, mpaka likakauka na harufu ya chuma kilichoungua ikanifikia kitandani. Kisha nikasikia mlango unagongwa, na sauti ya muuza chai, na baada ya hapo sauti ya mama Kinda ambayo sitaieleza.

Aliyemgonga ni mtu wa mtaa wetu, dereva wa lori la maziwa. Hanywi, hakimbizi gari, na kila mwaka lori lake linakaguliwa. Kwenye kona gari jingine lilimjia kwa mbele limewasha taa kali, zikampiga machoni, naye akasogea kushoto kidogo kulipisha. Huko kushoto kidogo ndiko alikokuwa Saa. Polisi walipima, wakaandika, wakamwachia. Siku ya tatu alikuja kibandani kwangu, akavua viatu ambavyo havikuwa na tatizo lolote, akanipa. Nikaviweka mapajani nikijifanya navikagua. Kisha akasema:

"Mzee, sikumwona. Nilimsikia tu."

Nikamrudishia viatu vyake. Alivivaa, akaenda zake.

Msibani watu walisema maneno yao. Wengi walisema ajali haina kinga. Kila aliyeingia kumpa mama pole alisema hivyo, ajali haina kinga, na kila mlango ulipofunguliwa na kufungwa nilikiona kizibao kikitikisika kwenye msumari wake. Kinga ilikuwa imening'inia pale, jamani, imeshonwa kwa mikono ya mkewe, haijapata hata vumbi la barabara. Niliuma meno nikatoka nje.

Jozi ya pili ya raba ilikuwa kwangu. Nilikuwa nimeitia kabari mpya jioni ya kuamkia siku aliyokufa. Baada ya maziko niliifunga kwenye gazeti nikaipeleka. Mama Kinda aliona kifurushi, akageuza uso, hakuweza kukishika. Nikampa binti. Nikamwambia, "Hizi za baba yako, zitunze." Akazikumbatia kifuani bila kulia. Hakulia hata siku moja yule mtoto, na sisi tulisema ana moyo mgumu. Watu wazima tuna ujinga wetu.

Ilipita miezi miwili. Alfajiri moja nikaamka ghafla bila kujua kilichoniamsha. Nikatega sikio.

Ta-tap. Ta-tap. Ta-tap.

Nywele zilinisimama. Hatua zilitoka upande wa nyumba yao, zikapita chini ya dirisha langu, zikaelekea barabara kubwa. Nilijifunika shuka mpaka kichwani, mzee mzima wa miaka sitini na minane, ningekuwa mtoto ningeita mama. Zikaisha. Baada ya muda, jikoni kwa jirani, birika likawekwa. Nusu saa baadaye hatua zikarudi, zikanyamaza mlangoni. Nikasikia kikombe.

Kesho yake zikaja tena. Na kesho kutwa. Muuza chai naye alizisikia, akahamisha jiko lake mtaa wa pili. Akanieleza hajali watu waseme nini, yeye anauzia walio hai tu. Maneno yakaenea. Wengine walisema marehemu hakuagwa vizuri, wengine walisema anamtafuta dereva.

Ndipo nikajikaza nikaenda kwa mama Kinda. Alikuwa kwenye cherehani yake, kizibao kimoja mapajani, vingine vimerundikwa sakafuni mpaka magotini. Nilizunguka zunguka na maneno, yeye akanikatiza.

"Na wewe unamsikia, fundi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Uso wake ulifunguka, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi, maana ilikuwa furaha. Akanieleza taratibu huku mguu wake ukikanyaga cherehani. Akisikia hatua zinatoka, huamka akachemsha chai, akamimina vikombe viwili mezani. Cha kwake huenda nacho chumbani, akafunga mlango. Hakai kumsubiri. Na akirudi mezani kukikucha, kile kikombe cha pili hukikuta kitupu.

"Kitupu kabisa?" nikauliza.

"Mpaka majani ya chini," akasema. "Sichungulii, fundi. Nikichungulia atakoma kuja. Usije na watu wako wa kumfukuza, nakuomba."

Nikamwahidi. Nikarudi kwangu.

Siku chache baadaye dereva wa maziwa naye akaja. Uso ulikuwa wa mtu aliyekesha. Alinieleza kwamba amemwona. Pale pale kwenye kona, kwenye ukungu, koti lile jeusi, mgongo ule ule, anakimbia. Alikanyaga breki mpaka madumu ya maziwa yakaangukiana, na aliposhuka hapakuwa na mtu. Alisema amempa tajiri wake taarifa, anamaliza wiki hii, kisha anarudisha funguo. Ana watoto wanne na hana kazi nyingine. Nilimwambia apunguze mwendo akifika pale. Akasema hapo anakwenda mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza.

Sasa sikilizeni.

Jumatano ya wiki hiyo, jioni, nilikwenda bombani uani kuchota maji. Bomba letu tunalitumia nyumba mbili. Nyuma ya tangi, mahali ambapo mtu hapaoni mpaka ainame, niliona raba zimeanikwa. Zilikuwa zimeoshwa, bado zinachuruzika. Nilizijua kabla sijazishika, ni kazi ya mkono wangu. Nikakigeuza kiatu cha kushoto.

Kabari niliyoigundisha ilikuwa mpya. Ilitoka kwangu haijakanyaga hata sakafu. Sasa ilikuwa imeanza kulika, upande wa nje, na ndani ya mikunjo yake palikuwa na vijiwe vidogo vya lami.

Nilikaa juu ya ndoo. Mzimu hauli soli, jirani zangu. Mzimu ungekimbia mpaka kiama na kabari ikabaki kama nilivyoichonga. Kilichokuwa kikipita chini ya dirisha langu kilikuwa na uzito, kilikuwa na nyama na damu, na katika nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye miguu ya kuijaza raba ile akivaa soksi mbili. Kilikuwa kiatu cha kushoto tena. Mtoto alikuwa anayapa magari mgongo, na koti la baba yake, lililorudishwa na polisi pamoja na hedifoni, dereva alishalitaja.

Hapa ndipo mnihukumu. Nilipaswa kwenda saa ile ile. Nilifika mpaka mlangoni kwao, nikasikia cherehani ikifanya kazi na mama anaimba kidogo kidogo, wimbo ambao nilikuwa sijausikia tangu msiba. Nikafikiri, nikigonga sasa namnyang'anya mume wake mara ya pili. Nikajiambia nitasema na Kinda mwenyewe kesho, akirudi kukimbia, kimya kimya, bila kumuumiza mama. Nikarudi kwangu nikalala. Ilikuwa kabari nyingine hiyo. Nilijua kosa liko wapi nikalifunika lisiumize.

Niliamshwa na hatua. Ta-tap, ta-tap, zinakwenda. Nikafungua dirisha. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mtaa, na manyunyu, vilevile kama siku ile. Sikumwona mtu, nilisikia tu, na moyo wangu ukaniambia neno la dereva: nilimsikia tu. Nilitoka na shati la kulalia, mguu wangu huu mfupi unachechemea, nikaupiga mlango wa jirani kwa ngumi zote mbili.

Mama Kinda alijibu kutoka ndani kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. "Fundi, niliomba."

"Fungua mlango. Si yeye. Ni mtoto."

Nikasikia mlango wa chumba cha Kinda ukifunguliwa. Kisha mama akatoka miguu mitupu. Kizibao kilikuwa mkononi mwake, na msumari ulikuwa umeng'oka nacho. Alikivaa huku anakimbia.

Tulipofika barabara kubwa hatua hazikusikika tena. Kwa upande ulio kinyume na kona, mbali kwenye daraja, taa mbili zilikuwa zinakuja. Lori la maziwa, saa yake ile ile. Mama alisimama pembeni, akazitazama, akainua mikono yote miwili juu. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mimi niliyekuwa hatua nne nyuma yake nilimwona nusu. Lakini taa zilipogusa kifua chake ule utepe uliwaka, na lori, bado liko mbali kabisa, likaanza kupunguza mwendo. Lilisimama taratibu mbele yetu. Dereva akatoa kichwa.

"Shemeji, kuna nini? Nimekuona tangu darajani."

Mama alitazama kifua chake. Alishika utepe wa kifuani kwa vidole viwili.

"Tangu darajani?" akauliza.

"Tangu darajani. Ulikuwa unang'aa."

Nadhani hapo wote watatu tulimfikiria Saa na koti lake jeusi. Mama aliachia utepe, akapanda. Nami nikapanda, dereva akanivuta mkono.

Lori lilikwenda mwendo wa miguu. Kioo kilikuwa kinafutwa, taa zimewashwa, sisi watatu tumeinama mbele, macho sita, hatuna kazi nyingine duniani ila kumtafuta mtoto mmoja barabarani. Tulipita kibao cha barabarani, tukapita mtaro, tukaingia kwenye kona. Na bado hatukumwona. Alitokea hatua kumi mbele ya taa, mgongo mweusi kwenye weusi, na dereva akapiga yowe akakanyaga breki ingawa tulikuwa karibu tumesimama. Angekuwa anakwenda mwendo wa kawaida, leo ningekuwa nasimulia msiba wa pili.

Kinda hakugeuka. Lori zima lilikuwa nyuma yake, injini inanguruma, na yeye anakimbia tu, ta-tap, ta-tap, masikio yameziba. Mama alishuka, akamfuata mbio, akamshika bega. Mtoto aliruka akapiga kelele. Hedifoni ikamtoka, ikabaki inaning'inia kifuani, na ndani yake nilisikia sauti ndogo ya mtu akisoma habari za asubuhi.

"Unafanya nini?" mama akauliza. Hakufoka.

"Namalizia," Kinda akasema. "Baba hakufika kwenye nguzo. Kila siku namfikisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua unajua, mama." Akajifuta manyunyu usoni. "Nikitoka unaamka. Nikirudi nakuta chai yangu mezani na wewe umeingia ndani. Nilidhani unaniwekea, ila hutaki tuongee habari zake. Nimekuwa nikiinywa."

Mama alimtazama. "Nilikuwa namwekea baba yako," akasema.

Basi yule mtoto ambaye hakulia msibani alilia pale kwenye kona, kilio cha miezi yote ile. Mama alivua kizibao akamvalisha, akafunga vifungo kimoja kimoja, kama anavyovalishwa mtoto wa siku ya kwanza ya shule. Dereva alikuwa ameweka paji la uso kwenye usukani. Maziwa yalichelewa siku hiyo na hakuna aliyeuliza.

Msidhani nyumba ile ilipona asubuhi ileile. Mama Kinda alifiwa upya. Wiki nzima hakushona. Aliniambia kwamba amefurahi mtoto wake yu hai, na anamshukuru Mungu kila saa, lakini kikombe kile kitupu kilikuwa kinamwambia hajaachwa, na sasa kikombe ni kikombe. Nilikaa naye tu. Siku ya nane niliikata kabari ile kwenye raba ya Saa kwa kisu, nikampelekea yeye na binti yake, nikawaambia nilijua tangu soli ya kwanza. Mama aliipokea, akaigeuza mkononi. Halafu alisema, "Ungesema hata mara moja kwa ukali, fundi." Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Kinda anakimbia mpaka leo, hatukumkataza, maana kukimbia hakukumuua baba yake. Anatoka kumepambazuka. Anavaa kizibao, na wasichana wanne wa mtaani wanakimbia naye, wote wamevaa, wanaitwa vibarua wa barabara na wameshazoea. Masikioni hakuna kitu. Wanakwenda upande wa kulia, mmoja nyuma ya mwenzake, wanayatazama magari yanayokuja, na lori la maziwa likipita dereva anapiga honi mara moja nao wanainua mikono. Funguo hakurudisha.

Mwezi uliopita aliniletea raba zake mwenyewe, alizonunuliwa na mama yake. Nikazigeuza. Cha kushoto kilikuwa sawa. Cha kulia kilikuwa kimelika upande wa nje.

"Babu, vipi, unaitia kabari?" akaniuliza.

Nilikipitisha kidole pale palipolika, nikakipitisha tena. Nikamwambia siitii, apumzike apitie njia ya vumbi siku mbili tatu kwa wiki, na soli ikiisha nitamwekea nzima. Nataka niwe naiona ikilika upande huo.

Raba za baba yake ziko kwangu, juu kabisa ya rafu, hazina kabari. Alfajiri zingine, saa kumi na moja na nusu, bado naamka nikisikia ta-tap chini ya dirisha. Siendi dirishani kuangalia. Saa ananidai neno, nami nalisema kwenu.

Funzo

Mwenye kukimbia barabarani ayatazame magari, asiyape mgongo. Shika kushoto ni ya magurudumu. Miguu ikikosa njia yake ya pembeni, ikae upande ambao macho yanaona kinachokuja. Avae kitu kinachowaka taa zikikigusa, hata kama kitachekwa, kwa sababu dereva mwema, asiyelewa, anayekutafuta kwa macho yake yote, bado hatakuona ukiwa mweusi kwenye giza na ukungu. Habari za asubuhi zisubiri nyumbani, masikio ni ya barabara.

Na ewe mama, baba, dada, uliyeshona kinga ukaitundika, usikubali ichekwe halafu inyamaziwe. Ajali haina kinga ni neno la kumpa pole mfiwa, si neno la kumuaga mtu anayetoka asubuhi.

Mwisho ni kwangu na kwa wenzangu tunaoona. Ukiona soli ya jirani yako imelika upande, usimtilie kabari. Mwambie, na akichukia, mwambie tena.